Kifaru Kizito Katika Simu

Tangu tulipoukimbia mji wa Palma, Machi 2021, hupenda kucheza vita vya vifaru katika simu. Kifaru changu ni Tiger cha Wajerumani, kilichoingia vitani mwaka 1942. Chuma chake cha mbele ni milimita 100, cha ubavuni 80. Wengi hukielekeza uso moja kwa moja kwa adui. Mimi hukigeuza digrii 30 tu. Hapo kombora hukuta mbele milimita 115, na ubavuni 160! Ukizidisha mgeuzo, ubavu hupoteza nguvu hiyo. Mwalimu wa hesabu alicheka sana nilipomwonyesha. Lakini mama, asikiapo mizinga ile, huacha kazi aliyoishika akasimama mlangoni. Basi sasa nacheza bila sauti.