Ukoko wa Temple Street

Mswahili aliyekulia penye sufuria ya wali hahitaji mkalimani asikiapo mkwaruzo wa kijiko chunguni. Mkwaruzo uo huo husikika usiku wa baridi katika migahawa midogo ya Temple Street, mtaani Yau Ma Tei, jijini Hong Kong.

Huko mchele hutiwa mbichi, kila chungu na moto wake. Maji yakikaribia kukauka hupangwa juu yake soseji zilizokaushwa, au kuku na uyoga. Chungu huzungushiwa waya kisipasuke, na mpishi hukiinamisha upande huu na huu ili ukoko ushike bila kuungua. Mezani humwagiwa sosi ya soya yenye utamu, kikafunikwa tena. Kungoja huko, pua ikiwa imekwisha kula, ni adhabu.

Jamaa huagiza vyungu vitatu tofauti na kuvila pamoja. Wali hugawika, ukoko ndio mgogoro, maana haumtoshi kila mtu. Kwa kawaida mkubwa huubandua, akautia katika bakuli la mdogo, asiseme neno.

Tangu Januari 2021, Uingereza ilipofungua viza maalumu kwa Wahongkong wenye hadhi ya BNO, maelfu wamehama na watoto wao. Zipo meza ambazo sasa huagizwa chungu kimoja. Bibi hubandua ukoko, akakaa nao kijikoni kitambo. Kisha babu humsogezea bakuli lake.