Kingo Mbili za Mstari Mmoja

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu mtazamaji wa anime, vile vibonzo vya Kijapani, huvutiwa na macho makubwa ya mhusika na nywele zake zilizochongoka, asitambue kuwa kilichomnasa ni mstari. Mchoraji chipukizi hulitambua jambo hilo kwa uchungu. Huuchora uso kwa penseli ukapendeza, kisha akaunakili katika tarakilishi kwa michoro ya vekta, na uso ule ule ukamkodolea macho kama wa maiti: kidevu kina matuta, nywele ni mfano wa nyaya.

Picha ya vekta si mkusanyiko wa vidoa vya rangi, ni hesabu. Mpindo wa kawaida huelezwa kwa nukta nne tu, mbili za mwanzo na mwisho, na mbili zinazouvuta mstari kutoka nje yake mithili ya mikono. Hesabu hii haikubuniwa kwa ajili ya wasanii. Ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau aliishughulikia Citroën mwaka 1959, naye Pierre Bézier wa Renault akaiendeleza miaka ya 1960. Fahari ya bodi ya gari ni ulaini, na ulaini hautokani na wingi wa nukta. Anayefuatisha penseli yake kwa nukta thelathini huwa amejiwekea matuta thelathini. Kidevu kizima chahitaji tatu au nne, zikae pale mpindo unapofikia ukomo wake, nayo mikono ya kila nukta ilale katika mstari mmoja ulionyooka. Kufuta nukta ni nusu ya kazi, na inauma, maadamu kila moja iliwekwa kwa jasho.

Nusu ya pili ni unene. Katika filamu zenyewe mistari huwa myembamba na karibu sawa, kwa kuwa hurudiwa na mikono mingi. Unene unaobadilika ni urithi wa manga. Kalamu ya chuma ya wachoraji wa manga hutanuka ikikandamizwa na kuchongoka ikiinuliwa. Ndiyo maana ukope wa juu huwa mzito, mstari wa pua hafifu, na chini ya kidevu, penye kivuli, wino ukaongezwa. Tarakilishi isipoagizwa vinginevyo hutoa unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ni kuacha kuuchukulia mstari kuwa mstari. Mchoraji hodari huuchora kama umbo: hupitisha ukingo wa kwanza, kisha wa pili, kingo hizo zikakutana kwa ncha, halafu akalijaza umbo hilo weusi.

Ujuzi huu Wajapani walikuwa nao karne nyingi kabla ya tarakilishi. Katika uchapaji kwa mbao wa enzi ya Edo, mchoro wa brashi ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao, na mchongaji akachonga pande zote mbili za kila mstari hadi ukasimama wenyewe. Mchoro wa asili uliangamia katika kazi hiyo. Msanii akabaki akitegemea uaminifu wa kisu cha mtu mwingine. Hokusai, ambaye mwenyewe alifunzwa uchongaji ujanani, aliwahi kumwandikia mchapishaji wake akilalamikia jinsi macho na pua zilivyochongwa.

Malalamiko hayo yangali hai. Zipo amri zinazoulainisha mstari kwa mbofyo mmoja, na zipo zinazoigeuza picha ya penseli kuwa vekta bila jasho. Huokoa muda, lakini hazijui ipi ni kasoro na upi ni mtetemo alioukusudia mchoraji: pembe ya mdomo inayomwonyesha mhusika akizuia kilio hulainishwa sawa na tuta la kidevu. Afadhali penseli ya leo haiangamii ubaoni. Ingali chini ya mchoro, katika tabaka lililofifishwa, naye mchoraji anaweza kuizima vekta kwa muda, akaitazama, kisha akairudisha pembe ile kwa mkono wake, nukta moja.