Wati 240

Tarehe 20 Oktoba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alisimama katika uwanja wa Wang'uru, Kirinyaga, akaondoa kafyu ya corona. Kutoka kwetu Mukurweini hadi huko si mbali, na siku hiyo simu yangu haikupumzika. Mwenye baa mmoja wa Gakindu alinitaka Jumamosi. Bwana harusi wa Gikondi, ambaye karamu yake ilikuwa imeahirishwa hadi wakwe wakaanza kunung'unika, aliuliza kama Desemba nina nafasi. Kila mmoja alimalizia na swali lile lile: "Na video iko, DJ?"

Spika nilikuwa nazo. Kontrola ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwenye blanketi. Nyimbo zilikuwa salama kwenye diski. Kilichokosekana ni kompyuta ya kuziendesha.

Baa zilifungwa Machi 2020, na kafyu ikaanza tarehe 27 ya mwezi huo. Mwishoni mwa Septemba baa ziliruhusiwa kufungua tena, lakini kazi ya DJ huanza kuchangamka saa ile ile ambayo polisi walikuwa wakianza doria, kwa hiyo ruhusa hiyo haikunifaa kitu. Harusi zikawa za watu wachache, na watu wachache hawakodi spika. Nikarudi shambani. Nilichuma kahawa ya majirani nikilipwa kwa debe, na alfajiri nikawa napeleka maziwa ya mama kwenye kituo cha Wakulima Dairy. Shule zilipofunguliwa 4 Januari 2021, dada yangu alihitaji karo. Laptopu yangu, yenye kadi ya grafiki ya pekee niliyowahi kumiliki, ikanunuliwa na kijana wa Karatina aliyetaka kuchezea gemu. Karo ikalipwa, dada akapanda matatu, nami nikarudi kwenye mibuni.

Mama angependa ushuhuda huu niutoe kanisani. Nimemwambia kwamba kanisani ningepewa dakika tatu, na hizo ningezimaliza kwenye corona kabla ya kufika kwenye nyaya. Kwangu mimi nyaya ndizo habari yenyewe.

Huenda mtu akauliza kwa nini nisipige nyimbo bila picha. Miaka ya nyuma ingewezekana. Siku hizi kila baa ya Nyeri ina televisheni ukutani, na mteja akisikia wimbo bila kumwona mwimbaji hudhani umecheza redio. Tena sisi wa huku tuna wafu wetu tunaopenda kuwaona. Joseph Kamaru alifariki Oktoba 2018, John De'Mathew akafuata Agosti 2019, na ukimweka yeyote kati yao kwenye skrini wazee waliokuwa wakiangalia saa huagiza chupa nyingine. Nyimbo nyingi za zamani za Kamaru hazina video, kwa hiyo nazitengenezea picha mwenyewe. Kazi hiyo pia inataka mashine.

Basi nikashuka Nairobi, Luthuli, barabara ya spika na televisheni. Nilikuta kadi za grafiki zikiuzwa kama ploti za kando ya lami. Sababu ilikuwa mbali nasi. Uhaba wa chipu ulikuwa umeikumba dunia nzima, na juu yake wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hasa wa Ethereum, walikuwa wakizoa kila kadi yenye nguvu. Hali ilikuwa mbaya hivi kwamba mwaka huo NVIDIA ilirudisha sokoni GTX 1050 Ti, kadi iliyotoka 2016. Kadi ya umri huo, na bei yake ilinishinda.

Nilichoweza kununua, kwa pesa ya zamu yangu ya chama, ni kompyuta ya mezani ya mtumba, moja ya zile zinazotolewa ofisini Ulaya na kuletwa kwetu kwa makontena. Kasha jembamba, prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, fimbo moja ya RAM. Nyuma, kwenye pawa saplai, kulikuwa na lebo: wati 240. Siku hiyo sikuitilia maanani, lakini kila nilichonunua baadaye kilipimwa kwa lebo hiyo.

Video ina mzigo ambao sauti haina. Wimbo mmoja ukicheza, kompyuta inafungua faili moja. Unapovuka kwenda wimbo wa pili, kwa muda huo inafungua faili mbili pamoja, inazichanganya, inachora meza yako ya kazi kwenye skrini yako, na inatoa picha safi kwa projekta. Ikilemewa, sauti huendelea lakini picha hukwama. Mwimbaji anabaki amefumbua mdomo huku wimbo umeshapita ubeti mzima. Watu wa Mukurweini hawana huruma na jambo hilo. Watakuita "DJ wa picha za kitambulisho", na jina hilo litafika Othaya kabla yako.

Fundi mmoja wa mjini Nyeri alinipa dawa ya kwanza, na haikuwa kadi. Prosesa hizo za Intel zina grafiki ndani yake, na tangu 2011 zina pia sehemu maalumu ya kufungua video. Shida ni kwamba grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya kompyuta, na fimbo ikiwa moja njia nayo ni moja. "Ongeza fimbo ya pili inayofanana na hii," akasema, "uone." Niliongeza nikaona. Kwa fimbo mbili, klipu nilizozishusha hadi 720p, na kuvuka kwa kukata badala ya kuyeyusha picha polepole, nilipita Krismasi ya 2021 na harusi ya Gikondi ndani yake. Hadi leo kijana akinijia akitaka kadi, kwanza namwambia afungue kasha ahesabu fimbo.

Lakini kazi ya aina ya pili ilikuwa imejitokeza, na hapo grafiki ya ndani ilikwama. Tangu wakati wa corona familia zilizoea kurusha matanga mtandaoni, kwa ajili ya ndugu walio Marekani na Uarabuni. Kazi hiyo inalipa, inafanyika mchana, na haina walevi. Ila kurusha ni kufungua video na kuifunga upya wakati huo huo, pamoja na projekta ya waombolezaji na skrini yangu. Nilihitaji kadi.

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo wake, na uchimbaji kwa kadi za grafiki ukafa kwa sarafu hiyo. Kadi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zikaanza kumwagika kwenye soko la mtumba duniani. Niliporudi Luthuli, muuzaji aliniwekea mezani RX 580 yenye feni mbili, kubwa kama tofali.

"Mkubwa, hii ni gigabaiti nane. Video utazipiga hadi uzeeke."

Sikuwa na ugomvi na gigabaiti nane. Nilimwonyesha picha ya lebo yangu kwenye simu. Kadi ile hula wati 185 ikifanya kazi kwa bidii, na inadai waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, waya ambao kasha langu halina. Sloti yenyewe ya kompyuta haitoi zaidi ya wati 75. Hata urefu wake usingeingia. Akaangalia picha, akacheka, akairudisha kabatini. Wauzaji wa Luthuli nawasifu kwa hilo: ukiwaonyesha kwamba unajua unachotafuta, wanaacha kukuuzia wanachotaka kuuza.

Duka la pili lilikuwa na GTX 1050 Ti kwa bei ya chini ya kushangaza, na nyuma yake ilikuwa na tundu la VGA. Tundu hilo lilinitamanisha, maana projekta ya ile baa ya Gakindu ni kongwe, haina tundu lingine. Lakini hilo hilo ndilo lililonifanya niiache. Kadi za GTX za kizazi hicho hazitoi ishara ya analogi, kwa hiyo 1050 Ti yenye VGA mara nyingi ni kadi ya zamani iliyovishwa jina jipya kwenye programu yake ya ndani. Kuna programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo tangu 2018 inatambua ulaghai wa namna hii. Nilimwomba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake tuipime. Akasema umeme wa upande ule una shida. Taa za duka zilikuwa zinawaka.

Palikuwa na GT 1030 pia, na hapo lazima nieleze, kwa sababu nimeona watu wakiumia. Wati 30 tu, fupi, inaingia kasha lolote. Lakini kuna mbili zenye jina moja. Ya kwanza, ya 2017, ina kumbukumbu ya GDDR5. Ya pili, iliyokuja 2018, ina DDR4, na kasi ya kumbukumbu hiyo ni karibu theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Boksi zinafanana, bei zinakaribiana. Tena zote mbili hazina sehemu ya kufunga video, ile ambayo mrushaji wa matanga anaihitaji kuliko chochote. Mtu wa harusi peke yake ningemwambia achukue ile ya GDDR5. Mimi nilipita.

Niliyoichukua ilikuwa ndani ya sanduku la kadi zilizong'olewa kwenye kompyuta za wachoraji ramani na wahandisi: Quadro P620. Wati 40. Kumbukumbu ya GDDR5, gigabaiti mbili. Matundu manne madogo ya DisplayPort, yaani skrini yangu, projekta, televisheni ya kaunta, na moja la akiba. Inafungua video na kuifunga pia. Vijana wa gemu hawaitaki, kwa hiyo bei yake ilikuwa imelala. Muuzaji mwenyewe alishangaa nikiichagua, akanikumbusha kwamba hiyo si ya DJ, ni ya ofisi.

Ilikuwa na kibati kirefu cha kufungia, na kasha langu linataka kifupi. Fundi wa jua kali wa soko la Mukurweini alinikatia kingine kutoka bati la debe kuukuu, akakitoboa kwa ustadi, na hadi leo hakijalegea. Kwa ile projekta kongwe nilinunua adapta yenye chipu ndani, inayogeuza dijitali kuwa analogi. Adapta ya plastiki tupu isiyo na chipu ni pesa ya kutupa. Na projekta ikiwa upande wa pili wa hema, nimeacha kebo ndefu za HDMI, zinazoanza kusumbua zikizidi mita 15 hivi. Napitisha picha kwenye kebo ya mtandao yenye kisanduku kila upande.

Mama aliiangalia kadi ikiwa mkononi mwangu. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimebeba jina la baba yake, kwa hiyo huniita baba.

"Baba, kitu kidogo hivi ndicho kimekula pesa ya maziwa?"

"Ndiyo, maitu."

"Na kinafanya nini?"

Nikawasha. Nikamwekea Kamaru kwenye televisheni ya sebuleni, nikamyeyusha polepole akawa De'Mathew, picha mbili zikipitana bila kukwama. Hakusema chochote kuhusu kadi. Alisema Kamaru alikuwa mwembamba zaidi kuliko hapo, na kwamba picha hiyo si ya wakati wa wimbo huo. Alikuwa sahihi, nikaibadilisha.

Deni la pesa hiyo ya maziwa nililimaliza kwa matanga na ruracio, yaani sherehe za mahari, si kwa baa. Baa hulipa kwa ahadi. Kazi ikipungua katikati ya wiki, nazitayarisha klipu upya: 720p, na fremu kamili zikiwa karibu karibu ndani ya faili. Video huhifadhi picha nzima mara moja moja tu, na katikati huhifadhi mabadiliko. Ukirudisha wimbo nyuma kwa mkono, kompyuta hulazimika kutafuta picha nzima iliyo karibu na kujenga upya kutoka hapo. Zikiwa mbali, skrini inaduwaa. Hakuna kadi ya bei yoyote itakayokutibia faili iliyotayarishwa vibaya.

Sasa vijana wananiuliza juu ya kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala papo hapo, jambo ambalo programu ya VirtualDJ inaliweza na ambalo linadai kadi yenye misuli zaidi ya hii yangu. Mimi huziandaa nyimbo hizo nyumbani usiku, moja moja, mashine ikiwa haina kazi nyingine. Ukumbini sijaribu. Nikipata kasha pana lenye pawa saplai ya wati 500, tutazungumza.