Grace Williams: Alirudi Kwao, Hakurudi Nyuma

Kuna swali ambalo vijana wengi wa mjini hatupendi kuulizwa, hasa mbele za watu: “Sasa ukirudi kwenu utafanya nini?” Swali lenyewe lina sumu. Ndani yake kuna imani kwamba maisha yako jijini tu, na ukiona mtu kafungasha virago karudi kwa wazazi, basi huyo kafulia. Mwezi huu nataka nikusimulie habari za mwanamke mmoja wa Wales aliyerudi kwao akiwa na miaka 41, mchovu na hana ndoa, kisha akafanya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Jina lake Grace Williams, mtunzi wa muziki na mwandishi wa vipindi vya redio.

BINTI WA BANDARINI

Grace alizaliwa tarehe 19 Februari 1906 katika mji wa Barry, kusini mwa Wales. Usidhani ni kijiji kilicholala. Mwaka 1913 bandari ya Barry ilisafirisha zaidi ya tani milioni 11 za makaa ya mawe, kuliko bandari nyingine yoyote duniani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya ya wavulana, kwa hiyo muziki aliukuta sebuleni.

Alisoma muziki chuo kikuu mjini Cardiff, akamaliza mwaka 1926, akaenda London katika chuo cha Royal College of Music. Mwalimu wake huko alikuwa Ralph Vaughan Williams, ambaye hawakuwa ndugu licha ya kufanana majina. Mwaka 1930 akapata nafasi ya kwenda Vienna, Austria, kusoma kwa Egon Wellesz. Kwa msichana wa enzi zile, hiyo siyo safari ndogo.

Aliporudi London, maisha yakamdai kama yanavyotudai sisi. Kuanzia mwaka 1932 akawa mwalimu katika shule ya wasichana. Muziki wake aliutunga kwa muda uliobaki. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, shule ikahamishwa na yeye akahama nayo. Katikati ya vurugu hizo akaandika Fantasia on Welsh Nursery Tunes mwaka 1940, uliojengwa kwa nyimbo za watoto za kwao. Ndio uliompatia jina.

Halafu mwaka 1944 akaandika Sea Sketches, muziki wa vyombo vya nyuzi katika sehemu tano, kuanzia upepo mkali hadi bahari tulivu ya kiangazi. Aliuandika akiwa mbali na Barry, na aliwatunukia wazazi wake, akiwashukuru kwa utani kwamba walikuwa na akili ya kujenga maisha yao pwani. Ukiusikiliza utaelewa kwamba moyo ulikuwa umeshatangulia nyumbani, mwili ndio ulikuwa bado unalipa kodi London.

KUFUNGASHA VIRAGO

Baada ya vita afya yake haikuwa nzuri. Alichoka kiasi cha kufikiria kuacha kabisa kutunga muziki. Mwaka 1947 akarudi Barry kwa wazazi wake.

Hapa nikuambie kwa nini habari hii imenigusa. Mama yangu sasa anahitaji mtu wa karibu, na katika familia yetu mtu asiye na mume wala watoto wa kumshikilia mjini ni mimi. Ndugu zangu hawajatamka neno, ila ukimya wao nausikia. Nikifikiria dawati langu, marafiki zangu na jina nililojijengea, nahisi kama mtu anayeombwa azime taa katikati ya sherehe. Ndiyo maana niliposoma maisha ya Grace, jambo la kwanza nililotaka kujua ni hili: alikula nini alipofika?

Jibu ni redio. BBC ya Wales ilimpa kazi za vipindi vya shule: kuandika maelezo ya kusomwa hewani na kupanga nyimbo za kienyeji ili watoto wazisikie madarasani. Mimi nilisomea mawasiliano, na kitu cha kwanza tulichofundishwa kuhusu redio ni kwamba msikilizaji hawezi kurudisha ukurasa nyuma. Sentensi ikimpita, imempita. Akiwa mtoto, ndiyo kabisa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kazi ile ilikuwa ya kitoto. Kumfanya mtoto atulie mbele ya kisanduku kinachoongea kunahitaji uwazi, na uwazi ni kazi ngumu.

Na milango ikafunguka mingine. Mwaka 1949 aliandika muziki wa filamu ya Blue Scar, inayohusu wachimba makaa wa Wales, iliyoongozwa na mwanamke mwenzake, Jill Craigie. Grace huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwingereza, maana yake raia wa Uingereza, kutunga muziki wa filamu ndefu. Kumbuka, wakati huo alikuwa ameshaondoka London.

KISU CHAKE MWENYEWE

Mwezi Mei 1951 alitoa miswada yake ya muziki, akaipitia yote, akaiharibu karibu yote aliyoona haistahili kupigwa. Jamani! Mimi ni mhariri, kukata ni kazi yangu ya kila siku, lakini nakata za watu. Kukata zako mwenyewe, tena za miaka mingi, ni ujasiri wa aina nyingine.

Kilichofuata ndicho kinachonipa moyo. Mwaka 1955 ukaja Penillion, alioandikia okestra ya vijana ya taifa la Wales. Jina hilo ni la utamaduni wa kwao ambapo kinubi hupiga wimbo mmoja, na mwimbaji akaimba mashairi kwa wimbo mwingine juu yake. Grace akaichukua tabia hiyo akaipa okestra bila mwimbaji. Mwaka 1966 opera yake ya The Parlour ikachezwa na Welsh National Opera. Mwaka 1971 ikaja Missa Cambrensis, misa kubwa ya waimbaji na okestra. Miaka hiyo ya 1960 alipewa nishani ya kifalme ya OBE, akaikataa.

Na mapenzi je? Hakuolewa. Lakini usimwonee huruma haraka. Tangu mwaka 1927 hadi 1977 aliandikiana barua na rafiki yake wa chuoni, mtunzi Elizabeth Maconchy, aliyeolewa na kulea mabinti wawili. Wawili hao walitumiana kazi zao na kukosoana bila kupakana mafuta. Miaka 50! Ni ndoa ngapi unazozijua zenye mazungumzo ya aina hiyo?

Grace alifariki Barry tarehe 10 Februari 1977, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 71. Mwaka 2016 misa yake ilipigwa tena Cardiff, miaka 45 baada ya ile ya kwanza.

Sisemi kila mtu arudi kwao. Kuna nyumba ambazo ukirudi zitakumeza. Ninachosema ni kwamba kabla hujajibu ndiyo au hapana, wewe na mwenzako kaeni mjiulize mambo matatu: kazi gani ninaweza kuifanya nikiwa kule? Nani ataniambia ukweli kuhusu kazi yangu nikiwa mbali? Na kipi katika nilivyokusanya mjini kinastahili kubebwa? Grace alikuwa na jibu la yote matatu. Mimi nina majibu mawili, la pili bado nalitafuta.