Umeme Haukupanda

Nilimwambia yule mama mshonaji kwamba feni yake imeungua kwa sababu umeme ulipanda usiku. Mtaani kwetu Dar es Salaam hakuna anayebishana na maneno hayo. Kila nyumba ina friji au redio iliyokufa hivyo. Lakini umeme haukupanda. Feni niliiunguza mimi.

Ilikuwa feni ya kusimama, ya vitufe. Vitufe vilikuwa vimechoka, na swichi ya aina ile sikuwa nayo. Nikatoboa kisanduku nikaweka swichi tatu ndogo za kawaida, kila waya wa spidi na swichi yake. Kazi ikapendeza machoni. Nilichukulia vitufe vile kuwa mapambo tu, kumbe kimoja kikibonyezwa kingine huruka juu kwa makusudi: ndani mna kipande cha bati kinachozuia viwili visikae chini pamoja. Kizuizi hicho nilikitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Ujinga wangu ulikuwa na asili yake. Mota nilijifunzia kwenye mashine za kufulia za zamani kutoka Ulaya. Katika zile nilizofungua, spidi mbili ni koili mbili kweli: ya kufulia imesukwa kwa poli, yaani ncha za sumaku, 12, ya kukamulia kwa poli 2. Kwa umeme wetu wa hezi 50, sumaku ya koili ya kwanza huzunguka mara 500 kwa dakika, ya pili mara 3000. Nikaamini feni ya spidi tatu nayo ina koili tatu, na mtu akiwasha mbili, yenye nguvu itashinda.

Feni haiko hivyo. Kama ina poli 4, ni hizohizo kwenye spidi zote, na sumaku huzunguka mara 1500 kwa dakika uwe kwenye moja au kwenye tatu. Kinachobadilika ni nguvu. Kwenye spidi kubwa umeme huingia moja kwa moja kwenye koili kuu. Kwenye ya kati hupitia kwanza sehemu ya koili ya ziada. Kwenye ndogo huipitia yote. Waya ukirefuka hivyo, mkondo hupungua na sumaku hulegea, basi mapanga yanayosukuma hewa huielemea mota ikabaki nyuma. (Yatoe mapanga, uone spidi zote tatu zinavyokaribiana.)

Sasa washa ndogo na kubwa kwa pamoja. Ncha mbili za koili ya ziada zinakutana kwenye waya mmoja wa moto, umeipiga shoti. Nayo imelala ndani ya chuma kilekile cha koili kuu, kwa hiyo sumaku inaizalishia umeme kama transfoma, mkondo unazunguka humohumo, na vanishi inaanza kunuka.

“Fundi, niliziwasha zote, joto limezidi,” alisema mama siku feni ilipozima. Februari ile, nani asingeziwasha? Alikuwa amenipa jibu mkononi. Mimi nikafungua mota, nikakuta fyuzi ya joto iliyofungwa juu ya koili imekatika. Mota ilikuwa imejiokoa. Nikairuka fyuzi kwa kipande cha waya nikasema, “Tayari, mama.” Safari iliyofuata ilitoa moshi, kando ya vitambaa vya wateja wake. Ndipo nikamletea habari za umeme kupanda.

Fundi wa kusuka mota aliitazama mara moja tu. “Koili ya spidi ndiyo nyeusi, hizi nyingine nzima. Nani kaweka swichi hizi?”

“Sijui, kaka. Ilikuja hivyo.”

Mama alilipa gharama yote ya kusuka upya. Swichi zangu nilizing'oa kimyakimya nikaweka ya kuzungusha, inayogusa waya mmoja kwa wakati, na katika hela zile nikajikatia na ufundi wangu wa kufungua na kufunga.