Kibebe na Kidole Changu

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki sawasawa. Ofisini, wanionao nikipiga mihuri hudhani niliumia kwa ajali ya gari, nami siwasahihishi, kwani ukweli una aibu: niliumwa na samaki aliyekwisha kutolewa majini.

Hayo yalinipata Rumonge, katika Ziwa Tanganyika, nilipokuwa likizoni kwa mjomba wangu mvuvi. Kibebe tuliyemvua alilala kimya ndani ya mtumbwi, nikadhani amekufa. Mimi niliyefunzwa ualimu, niliyezoea kuwachorea watoto viungo vya samaki ubaoni, nikatia kidole kinywani kuitafuta ndoana. Alijitupa mara moja tu.

Msomaji ambaye hajamwona samaki huyu yafaa ajue kuwa meno yake ni marefu, yamechongoka kama misumari, nayo ya juu hupishana na ya chini hata huonekana kinywa kikiwa kimefungwa. Si meno ya kutafunia, ni ya kushika na kukata. Ndiyo maana wavuvi hufunga kipande cha waya kati ya ndoana na mshipi. Nduguye mkubwa wa Mto Kongo, aitwaye mbenga, huweza kuzidi kilo 40. Huyo sitamani kukutana naye.

Mjomba hakunicheka. Alinikamua damu, akaniosha kwa maji safi na sabuni, akanifunga kitambaa na kunipeleka zahanati, nikashonwa na kudungwa sindano ya kuzuia pepopunda. Jeraha lilipopona akanirudisha ziwani.

“Tazama, mpwa wangu,” alisema, “mikono ikae nyuma ya kichwa chake daima.”

Akamfunika kibebe kwa gunia lililoloweshwa, akamkandamiza, akampiga rungu juu ya macho mara mbili. Hapo ndipo alipotwaa koleo refu, akaishika ndoana shinani na kuirudisha kwa njia ile ile iliyoingilia. Iliyomezwa sana hakuihangaikia: alikata waya, ndoana ikatolewa nyumbani kwa kisu. “Ndoana huuzwa sokoni,” akasema, “kidole je?” Aliyekuwa mdogo wa kurudishwa ziwani hakumpandisha kabisa, alimfungua akiwa majini, kwa mikono iliyolowa, bila kumgusa mashavu. Tena alinikataza kukaa mtumbwini miguu mitupu, jambo ambalo mimi nisingalilifikiri.

Akina mama nao wasisahau kuwa kichwa kilichokatwa bado kina meno. Mke wangu alichanika kiganja jikoni akikiosha, na samaki alikuwa amekufa tangu alfajiri.

Mwezi ujao mwanangu wa miaka 10 anataka kwenda likizo kwa babu yake huyo. Mama yake hataki, na bado hatujaafikiana. Hata hivyo nimemnunulia kijana koleo lenye mikono mirefu. Jana nilimkuta amefunika kiatu changu cha kazini kwa gunia, amekikandamiza kwa nguvu zake zote, anakichomoa kamba taratibu.