Mgeni Katika Lugha Yake

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda cha ugeni nilikuwa nimekilalia miaka minane, nikadhani kunguni wake wote nawajua. Ndiyo maana mume wangu, Mmarekani, alipoanza kushikwa na hamu ya kwao katika nchi ya Uingereza, sikumhurumia. Nilimwona kama mtu anayelia kwa kujikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake. Nchi ile si ndiyo iliyoizaa lugha yake? Nataka kuwasimulia, wapenzi wa lugha, jinsi nilivyokosea, kwa kuwa kosa langu lenyewe lilikuwa la lugha.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Salma kama ninavyomwita nyumbani, ni mtu wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Baada ya ndoa nilimfuata kwao, nikakaa miaka minane nikijifunza kuvaa nguo tatu juu ya nguo na kutembea juu ya barafu bila kuanguka. Kisha akapata kazi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, tukahama na binti yetu aliyekuwa na miaka mitano. Usiku wa kuamkia safari alinituliza: "Mama Salma, safari hii haitakuwa ngumu kama ile yako ya kwanza. Huko lugha tunaijua." Niliitika, lakini nilijua maana yake ni kwamba yeye ndiye anayeijua.

Siku ya pili tulikodi gari. Mwenye gari akamwambia Baba Salma afungue "boot" apakie mizigo, naye akaitazama miguu yake. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikaifungua. Kwetu si ni buti ya gari? Yeye amekulia kuiita "trunk". Mbele akaambiwa habari za "bonnet", nikamwonyesha boneti. Ikawa hivyo wiki nzima. Lori, petroli, lifti, tochi, biskuti, chipsi: maneno yote niliyoyajua tangu utotoni nikayakuta Leeds yakitembea barabarani. Waingereza ndio waliotutawala, na walipoondoka maneno yao yalikwisha kuvaa kanga na kuwa wenyeji. Kule Minnesota maneno hayo hayakunisaidia. Umeme ulipokatika mara moja nikaomba tochi kwa Kiingereza nilichofunzwa shuleni, mama mkwe wangu akadhani nataka mwenge wa moto. Sasa ilikuwa zamu ya mwanawe. Aliagiza "chips" za kutafuna pamoja na mkate wake, akaletewa viazi vya moto. Alimsifu mwenzake wa kazini kwa suruali yake nzuri, akitumia neno la kwao la suruali, ambalo kwa Waingereza ni chupi. Alirudi nyumbani uso umemwiva. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, naye akacheka. Wakati huo bado tulikuwa tunacheka pamoja.

Kilichomshinda hasa ni salamu. Kila asubuhi wafanyakazi wenzake walimwuliza kama yuko salama, "You all right?", nao hawakusimama kusubiri jibu. Kwa Mmarekani swali hilo huulizwa mtu aliyeanguka au anayelia. Baba Salma alianza kujitazama kwenye kioo. Akaniuliza, "Kwani naonekana mgonjwa?" Nikamwambia hiyo ni hujambo yao. Sisi pia huulizana habari za nyumbani, tukajibu ni njema, hata kama nyumbani kuna mgonjwa kitandani. Habari ya mgonjwa huja baadaye, baada ya njema ya kwanza. Salamu ni mlango, na mlangoni mtu hashushi mizigo. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa kitu. Ilikuwaje mke wake, aliyejifunza Kiingereza darasani, amfasirie Kiingereza?

Jirani yetu, mama mtu mzima wa huko Yorkshire, alitualika "tea" saa kumi na moja jioni. Tulidhani ni kikombe cha chai, kwa hiyo tukala tukashiba kabla ya kwenda. Tukakuta meza imejaa samaki, viazi na mbaazi, kwa maana kwa watu wa kaskazini neno hilo ndilo chakula chenyewe cha jioni. Mimi nilikula tena, maana kwetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Baba Salma akasema kweli, kwamba ameshiba. Yule mama akatabasamu, akaondoa sahani, na hakutualika tena hadi mwaka ukapita.

Halafu likaja jambo la kazi. Baba Salma alikuwa katika miezi ya majaribio. Aliandika ripoti, mkubwa wake akamjibu kwamba ripoti ni "quite good", na kwamba labda angependa kuitazama tena sehemu ya pili, kama atapata nafasi. Kwa Mmarekani neno hilo "quite" huongeza sifa. Kwa Mwingereza, likitangulia neno kama hilo, mara nyingi huipunguza. Baba Salma alifurahi, akaiacha ripoti kama ilivyo. Baada ya wiki tatu akaitwa, akaambiwa kwa upole mkubwa kwamba hasikilizi anapoelekezwa, na kwamba muda wake wa majaribio utaongezwa. Alirudi akaketi jikoni na koti mwilini.

"Wangeniambia tu," alisema.

"Walikuambia," nikamjibu. "Wamekuambia kwa fumbo."

Nikaona ni jambo la kumchekesha. Nikamsimulia habari za marehemu bibi yangu, ambaye hakupata kumwambia mgeni aondoke. Alimtuma mtoto nje akaangalie kama wingu limetanda, na mgeni mwenye akili akatafuta viatu vyake. Nikamwambia Waingereza ni watu wa pwani wasiokuwa na jua. Nilicheka peke yangu. Yeye akavua koti, akapanda ghorofani kulala, na ilikuwa bado saa moja ya usiku.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kunyamaza. Alihesabu vitu. Mfereji wa maji ya moto uko kando, wa baridi kando, basi unawa kwa kuungua au kwa kuganda. Akasema hata maji ya nchi hii hayazungumzi. Mwezi wa Disemba jua la Leeds huzama kabla ya saa kumi za jioni. Minneapolis ina baridi kali kuliko hiyo, lakini mara nyingi huko jua huwaka juu ya theluji hadi macho yakauma, na kiza cha mawingu hakikumzoea. Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya Wamarekani ya kutoa shukrani, ambayo kwao watu husafiri mamia ya maili wakale pamoja, ilipita Leeds kama siku yoyote ya kazi. Alikula mkate na jibini mezani pake. Akampigia mama yake simu wakati kwao ni mchana, akasikia nyuma ya sauti yake kelele za ndugu na sahani.

Salma ndiye aliyemkata maini pasipo kujua. Baba yake alikuwa amemfundisha kuandika neno la rangi kwa tahajia ya Kimarekani, ile ambayo Noah Webster aliithibitisha katika kamusi yake ya mwaka 1828 kwa kuiondoa herufi "u". Daftari likarudi na "u" imeongezwa kwa wino mwekundu. Salma akaniambia kwa Kiswahili, mbele ya baba yake, "Mama, baba hajui kuandika Kiingereza."

Mimi niliyaona hayo yote, na bado moyoni mwangu kulikuwa na kisebusebu cha haki. Nilijiambia: aonje. Miaka minane nilikuwa mimi katika kiti hicho.

Mwezi wa Februari nilimwomba tufike Heptonstall, kijiji cha mawe juu ya kilima, mwendo usiozidi saa mbili kutoka kwetu. Huko amezikwa Sylvia Plath, mshairi aliyezaliwa Boston mwaka 1932, akaja kusoma Cambridge mwaka 1955, akaolewa na mshairi Mwingereza, Ted Hughes, ambaye wazazi wake walikaa kijijini hapo. Alifariki London mwezi Februari mwaka 1963, akiwa na miaka 30, katika msimu wa baridi uliokuwa mkali kupita kiasi. Mimi nilikwenda kama mpenzi wa ushairi. Upepo ulikuwa ukipiga makaburi kana kwamba una deni nayo. Baba Salma, ambaye hasomi mashairi, alisimama mbele ya jiwe lile muda mrefu kuliko mimi.

"Huyu ni wa kwetu," alisema. Kisha akasema, "Mama Salma, mimi sitaki kuzikwa huku."

Sikujibu. Akanigeukia, akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza: "Na wewe, kule kwetu, uliwahi kuwaza hivi?"

"Kila msimu wa baridi," nikasema. "Miaka minane."

"Mbona hukuniambia?"

Nikafungua kinywa kusema kwamba nilimwambia, na hapo neno likanikwama kooni, kwa maana nilikumbuka jinsi nilivyomwambia. Nilikuwa nikisimama dirishani Minneapolis, theluji ikianguka, nikasema, "Leo ningepata dafu." Naye, mtu mwema, alivaa buti zake akaenda kutafuta, akarudi baada ya saa moja na nazi kavu ya dukani, akaiweka mezani kwa furaha. Nami niliitazama ile nazi nikamhukumu kwamba hana moyo. Mwanamke yeyote wa Mji wa Kale angenisikia. Angevuta kiti akae nami. Yeye alisikia dafu, akaleta kilichokaribiana na dafu.

Nilimwambia hayo pale pale makaburini, kwa maneno makavu, bila kuyapamba. Sikuwahi kusema naye hivyo. Alilia, nami nikalia, na Salma akatuuliza kama tunamjua yule aliyezikwa.

Njiani kurudi nilijiuliza kwa nini sikumwelewa mapema, mimi niliyepaswa kuelewa kuliko wote. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, mjini kwetu, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Watoto wa Mvita tukaenda shule tukiwa na ndia, tukaambiwa ni njia; tukiwa na mato, tukaambiwa ni macho. Nakumbuka shangazi yangu alivyomkaribisha mgeni kutoka Unguja kwa furaha, "Ndoo! Ndoo!", yaani njoo, na yule bwana akageuka kutafuta ndoo ya maji. Watu wazima walicheka. Mimi, mwanafunzi niliyekwisha kusahihishwa mara nyingi kwa wino mwekundu, sikucheka. Najua uchungu wa kuambiwa kwamba lugha uliyonyonya kwa mama yako ina makosa.

Kuna tofauti moja kati ya ugeni wangu na wake, nami sikuiona hadi siku ile. Minneapolis nilipokosea, watu waliisikia lafudhi yangu wakanisamehe. Walisema nami polepole, wakanifafanulia. Baba Salma alipokosea Leeds hakuna aliyedhani kwamba hakuelewa. Walidhani ameelewa na amedharau. Mgeni mwenye lugha nyingine husamehewa ujinga wake. Mgeni mwenye lugha ileile huhesabiwa utovu wa adabu.

Hatukurudi Marekani mwaka ule. Tuliwekeana sharti dogo: kila usiku, kabla ya kulala, mimi niseme jambo moja waziwazi, na yeye asikilize jambo moja lililo nyuma ya neno. Amejifunza haraka kuliko mimi. Siku hizi hunisomea barua za mkubwa wake, nami namtolea maana mstari kwa mstari, kama tunavyofanya wengine wetu na mashairi ya kale.

Novemba iliyofuata aliomba ruhusa ya Alhamisi ile. Maboga ya kopo ambayo mama yake hutumia kuokea hayakupatikana katika maduka ya mtaani kwetu, basi nikanunua boga bichi, nikalipika kwa nazi na iliki kama apikavyo mama yangu. Tukamwita jirani yule wa samaki na viazi. Alipoonja alisema ni "quite nice". Baba Salma akanitazama, nami nikamtazama. Kisha yule mama akaomba aongezwe, na sote wawili tukapumua.

Usiku huo nilitunga ubeti mmoja, nami nauacha hapa kwa yeyote anayeishi mbali na kwao, au anayeishi na mtu aliye mbali na kwao:

Lugha si neno kusema, likatoka mdomoni,
Huwa na jambo la nyuma, lililofichwa moyoni,
Mwenza akikutazama, mwambie wazi usoni,
Dafu nililolitaja, lilikuwa ni nyumbani.